Namna ya Kumpima Mjenga Kikosi wa Timu Dhaifu

Katika ligi ya futiboli ya Marekani, NFL, timu inayoburuza mkia haishuki daraja. Kila Aprili timu 32 hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, na iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo inayochagua mwanzo. Bingwa husubiri zamu ya 32, kisha raundi ya pili inaanza, mpaka raundi saba zimalizike. Utaratibu huo, drafti, ulianza mwaka 1936 kwa pendekezo la Bert Bell wa Philadelphia Eagles, ambaye timu yake mwenyewe ilikuwa kibonde. Wiki kadhaa kabla ya drafti, mwezi Machi, hufunguliwa soko la wachezaji huru, yaani wale waliomaliza mikataba. Soko hilo kwa sura yake ya sasa lilianza 1993, na mwaka uliofuata kikawekwa kikomo cha mishahara: dola milioni 34.6 kwa kila timu. Mwaka 2024 kikomo kilifika dola milioni 255.4.

Msomaji aliyezoea usajili wa Simba na Yanga aishike tofauti hiyo mapema. Huku tajiri hawezi kufungua pochi akamaliza mambo, kwa kuwa kila timu ina kikomo kilekile, na aliye chini amepewa haki ya kuchagua kabla ya wenzake. Timu ikikaa mkiani miaka kumi, lawama ni ya meneja mkuu na waliomwajiri. Kujenga kikosi ni ufundi, na ufundi huo una alama zinazoonekana hata kabla matokeo hayajaja.

Jicho la mjuzi huanzia kwenye bei. Zamu za drafti huuzwa na kununuliwa kama fedha, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina thamani inayojulikana. Dallas Cowboys wa kocha Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la pointi: zamu ya kwanza pointi 3,000, ya pili 2,600, ya 32 pointi 590, na kuendelea kushuka. Walilihitaji. Mwaka 1989 walikuwa wamemuuza mkimbiaji wao Herschel Walker kwa Minnesota Vikings na kupewa rundo la wachezaji na zamu, katika msimu ambao walishinda mechi moja tu kati ya 16. Kisha wakatwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995. Baadaye watafiti Cade Massey na Richard Thaler walionyesha kwamba mameneja huzipa zamu za juu thamani kubwa mno. Kijana anayechaguliwa wa kwanza katika nafasi fulani humzidi anayemfuata katika nafasi hiyohiyo kwa uwezekano unaopita nusu kidogo tu. Timu dhaifu inayotoa zamu tatu ili ipande ngazi chache, basi, mara nyingi inanunua uhakika ambao muuzaji hana.

Bei nyingine ni mshahara. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza na St. Louis Rams, alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajarusha pasi moja. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji ukabadili mambo: mwaka uliofuata Cam Newton, naye wa kwanza, alipata takriban dola milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kijana mzuri wa drafti ndiye mchezaji wa bei nafuu kuliko wote, kwa miaka minne, na mitano kwa wa raundi ya kwanza timu ikitaka. Meneja anayegawa zamu ovyo anagawa miaka hiyo ya unafuu.

Kisha hutazamwa nafasi ya mchezaji uwanjani. Soko huwalipa sana kwotabeki, anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, wanaomlinda, wanaomkimbiza, na wapokeaji wa pasi. Wakimbiaji na walinzi wa kati hupatikana kwa bei ya chini. Zamu ya juu ikitumika kwa nafasi ambayo soko linaiuza rahisi, kuna hasara hata kama kijana atacheza vizuri. Ila kanuni hii peke yake haitoshi, na ushahidi uko Detroit. Chini ya meneja Matt Millen, Detroit Lions walichagua wapokeaji wa pasi katika raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo: Charles Rogers zamu ya 2 mwaka 2003, Roy Williams zamu ya 7 mwaka 2004, Mike Williams zamu ya 10 mwaka 2005. Nafasi ni ya thamani, lakini kikosi kizima kilikuwa kinabomoka huku meneja akinunua kitu kilekile. Mwaka 2007 wakamchukua tena mpokeaji, Calvin Johnson, ambaye leo yumo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Msimu wa 2008, Johnson akiwa uwanjani, Lions walipoteza mechi zote 16.

Timu hiyohiyo ndiyo inayofaa kusomwa kwa upande wa pili. Januari 2021 Lions walimwajiri Brad Holmes, aliyekuwa mkuu wa skauti wa vyuo wa Rams, timu iliyokwisha kuhamia Los Angeles. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kumuuza kwotabeki Matthew Stafford kwa waajiri wake wa zamani. Alipokea zamu ya raundi ya tatu ya 2021, zamu za raundi ya kwanza za 2022 na 2023, na kwotabeki Jared Goff, ambaye mkataba wake mnono ulikuwa umewachosha Rams. Hapo ndipo ufundi ulipo: timu isiyo na haraka ya ushindi ilikubali kubeba mshahara mzito na ikalipwa zamu kwa kubeba. Rams walitwaa ubingwa msimu uleule, kwa hiyo nao hawakupunjwa. Biashara nzuri haihitaji mjinga upande wa pili.

Drafti ya kwanza ya Holmes ilianza na Penei Sewell, mlinzi wa kwotabeki, zamu ya 7. Chaguo hilo halikuwa la mbwembwe. Katika raundi ya nne, zamu ya 112, akamchukua mpokeaji Amon-Ra St. Brown, baada ya wapokeaji 16 kuchaguliwa mbele yake; St. Brown huwakariri wote kwa majina na vyuo walivyotoka. Msimu huo Lions walishinda mechi tatu, wakapoteza 13 na kutoka sare moja. Holmes hakufukuzwa, na uvumilivu huo wa mmiliki nao ni sehemu ya ubora unaopimwa, kwa sababu meneja anayehofia kazi yake hununua kwa pupa.

Mwaka 2022 walimchukua Aidan Hutchinson, mkimbiza kwotabeki, kwa zamu ya 2, kisha wakafanya biashara inayofaa kuwekwa kwenye jedwali la Johnson. Waliwapa Vikings zamu ya 32, ya 34 na ya 66, ambazo ni pointi 590, 560 na 260, jumla 1,410. Walipokea zamu ya 12 na ya 46, pointi 1,200 na 440, jumla 1,640. Kwa kawaida anayepanda ndiye anayelipa zaidi. Hapa Lions walipanda ngazi 20 na wakarudishiwa chenji. Kwa zamu ya 12 walimchukua mpokeaji Jameson Williams, aliyekuwa ameumia goti na asingeweza kucheza mara moja. Timu yenye njaa ya mechi ya kwanza isingemgusa.

Mwaka 2023 ule mzigo wa Goff ukalipa. Rams walikuwa wameporomoka, wakashinda mechi tano tu, na zamu yao ikatua namba 6 mikononi mwa Lions. Holmes akaiuza kwa Arizona Cardinals pamoja na ya 81, akapata ya 12, ya 34 na ya 168. Kwa jedwali, pande mbili zililingana karibu kabisa. Kwa ya 12 akamchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs, na kwa zamu yao wenyewe ya 18 mlinzi wa kati Jack Campbell. Wachambuzi walimkejeli: nafasi mbili za bei rahisi katika raundi ya kwanza. Kikanuni walikuwa na hoja. Lakini zamu ya 34 ikampata Sam LaPorta, mpokeaji ambaye pia huzuia, aliyedaka pasi 86 msimu huo, rekodi ya wakati ule kwa mgeni wa ligi katika nafasi yake, na ya 45 ikampata mlinzi wa nyuma Brian Branch. Aliyekuwa anahesabu zamu aliona kwamba Holmes alikuwa na nyingi kiasi cha kumudu kulipia kidogo zaidi kwa mtu aliyemtaka. Hakupatia kote: Hendon Hooker, kwotabeki wa raundi ya tatu mwaka huohuo, hakuwahi kuanza mechi yoyote ya msimu Detroit kabla ya kuachwa.

Soko la wachezaji huru lina ugumu wake, na maswali mengi huko yanahusu kwa nini mtu anaachwa. Timu inayomjua mchezaji kuliko yeyote imeamua kutomlipa. Anayemnunua ajiulize inajua nini. Mwaka 2009 Washington walimpa mlinzi wa mbele Albert Haynesworth mkataba uliotangazwa kuwa wa dola milioni 100 kwa miaka saba. Mwaka uliofuata kocha mpya akabadili mfumo wa ulinzi, mchezaji na kocha wakagombana, na Haynesworth akaondoka akiwa amecheza mechi 20. Mjuzi hasomi tarakimu kubwa inayotangazwa. Husoma fedha iliyohakikishwa, kwani hiyo ndiyo itakayolipwa mchezaji akifeli. Fedha ya kusaini nayo husambazwa katika hesabu za kikomo kwa hadi miaka mitano, na mchezaji akiachwa mapema, salio huendelea kuibana timu ilhali yeye hayupo.

Mfano wa kinyume ni New Orleans Saints mwaka 2006. Walikuwa wametoka kushinda mechi tatu tu. Kwotabeki Drew Brees alikuwa sokoni na bega lililofanyiwa upasuaji, madaktari wa Miami Dolphins wakatilia shaka, Saints wakamchukua. Walinunua hatari iliyokuwa na sababu inayoeleweka, katika nafasi yenye thamani kuliko zote, na katika umri wa miaka 27. Drafti ya mwaka huohuo iliwapa Jahri Evans katika raundi ya nne na mpokeaji Marques Colston zamu ya 252. Walikuwa mabingwa Februari 2010.

Mara nyingi ununuzi mzuri sokoni ni mdogo. Mwaka 2022 mkimbiaji Jamaal Williams wa Lions aliongoza ligi nzima kwa mabao ya kukimbia (tachidauni), 17. Timu ikamwacha aende Saints, ikamsajili David Montgomery, kijana zaidi, kwa dola milioni 18 za miaka mitatu. Mashabiki walinuna. Msimu uliofuata Montgomery alifunga 13, Williams moja. Kumwacha mtu kunaweza pia kuleta faida nyingine: timu iliyopoteza wachezaji huru wengi kuliko iliowasajili hupewa zamu za fidia mwishoni mwa raundi ya tatu hadi ya saba. Yapo na mapito mengine ya gharama ndogo. Daniel Adongo, mcheza raga kutoka Kenya, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita drafti wala chuo cha Marekani.

Kipimo kinachosahaulika ni mpangilio wa Machi na Aprili. Meneja hodari huziba mapengo Machi kwa wachezaji wa bei ya wastani, ili Aprili asilazimike kuchagua nafasi kwa shida. Timu inayoingia kwenye drafti ikiwa haina kwotabeki hata wa kusogeza siku shida yake huonekana wazi, na wenzake huipandishia bei.

Cleveland Browns wamefanya kila kitu, kizuri na kibaya, katika biashara za kwotabeki. Mwaka 2017 walichukua mshahara wa dola milioni 16 wa Brock Osweiler, aliyekuwa mzigo kwa Houston Texans, ili wapewe zamu ya raundi ya pili. Zamu hiyo ikawa Nick Chubb, mmoja wa wakimbiaji bora wa kizazi chake. Huo ni ufundi safi. Lakini katika drafti ya 2017 waliwauzia Texans zamu ya 12, na Texans wakamchukua Deshaun Watson. Browns walipoteza mechi zote 16 msimu huo. Zamu walizorundika zikawapeleka hadi kushinda mechi ya mtoano msimu wa 2020, ingawa aliyezikusanya, Sashi Brown, alikuwa amefukuzwa Desemba 2017. Kisha mwaka 2022 wakamfuata Watson yuleyule, ambaye alikuwa akikabiliwa na tuhuma nzito za udhalilishaji wa kijinsia, wakatoa zamu tatu za raundi ya kwanza na dola milioni 230 zote zikiwa zimehakikishwa. Alifungiwa mechi 11, akaumia, na katika misimu mitatu alicheza mechi 19. Mwaka 2024 Browns walishinda mechi tatu. Kasoro za biashara hiyo, yaani zamu, fedha ya uhakika na hatari ya mtu mwenyewe, zilikuwa mezani siku ya kusaini.

Magazeti hutoa alama za drafti asubuhi inayofuata, na alama hizo zina haki ya kuhusu bei tu. Wachezaji wenyewe wanahitaji miaka mitatu au minne, na kipimo chao kilicho wazi ni mkataba wa pili: je, timu iliyomlea inamlipa bei ya soko ili abaki? Katika mwaka 2024, Lions wakiwa njiani kushinda mechi 15 kati ya 17, vijana watatu wa drafti ya 2021 walisaini upya kwa miaka minne kila mmoja: St. Brown dola milioni 120, Sewell 112 na Alim McNeill 97. Kati ya wapokeaji watatu wa Millen wa 2003 hadi 2005, hakuna aliyesaini mkataba wa pili Detroit.