Wahusika Wetu Hawana Shamba

Katika miswada ya waandishi chipukizi wenzangu ninayopata kuisoma, kuna kijiji kimoja ambacho nakikuta karibu kila mara. Jogoo anawika, umande unang'aa, ndege wanaimba kwa furaha, na kijana anafunga begi lake kwenda mjini. Hujui shamba la nani linaishia wapi, nani alilirithi kwa nani, wala mama wa yule kijana analima kwa idhini ya nani. Ardhi imetundikwa pale kama picha ya kalenda. Hapo, ndugu msomaji, ndipo nataka tubishane kidogo.

Hoja yangu ni hii: riwaya yetu ya Kiswahili inamjua raia vizuri, lakini mwananchi inamjua kijuujuu tu. Maneno haya mawili tunayatumia redioni na mikutanoni kana kwamba ni mapacha. Raia limetoka Kiarabu, na asili yake ni mtu aliye chini ya mtawala, mtu wa kuchungwa. Mwananchi ni mwana wa nchi, na nchi hapa ni ileile ya "nchi kavu", mahali pa kukanyaga na kupanda. Ukimwuliza raia kitambulisho, anatoa kadi. Ukimwuliza mwananchi, anakwambia mwembe ule alipanda bibi yangu.

Tuvitazame vitabu vyenyewe. Shaaban Robert katika Utubora Mkulima (1968) anatupa mtu anayeacha ukarani Unguja akaenda kulima Busutamu. Kwa kijana aliyelelewa akiamini kwamba jembe ni adhabu ya waliofeli, kitabu hiki kinafaa hadi leo. Lakini Utubora anachagua shamba kama mtu anavyochagua kazi. Udongo unamjenga utu, sawa. Ugomvi wa nani mwingine ana haki na udongo ule sio unaoibeba hadithi.

Miaka saba baadaye, E. Kezilahabi akaleta Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Tumaini, baada ya fujo zake zote, anatulia na kuwa mkulima mkubwa Shinyanga. Siasa ya ujamaa inapofika na shamba likachukuliwa, anamuua Mkuu wa Wilaya, naye ananyongwa. Katika Gamba la Nyoka (1979) wanakijiji wanagoma kuhamishwa, na nguvu inatumika. Hizi ni kazi za ujasiri, kwani Operesheni Vijiji ilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu. Ila angalia jambo moja: ardhi inapata sauti pale serikali inapobisha hodi. Kabla ya hapo iko kimya. Mhusika anakuwa mtu wa ardhi siku anayonyang'anywa, na hata siku hiyo bado tunamsoma kama raia anayepambana na mtawala wake.

Mwingine atasema: mbona fasihi ni kioo cha jamii, na jamii ndivyo ilivyokuwa? Namjibu kwa kumleta nyumbani. Mimi kwetu ni Mikese, kati ya Ngerengere na mji wa Morogoro. Wengi wenu mmeipita mkiwa kwenye basi, Uluguru ikiwa upande mmoja na reli upande mwingine. Mikese ni mahali palipozoea wapita njia. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza lilishusha hapa shehena zake, wapagazi wakazibeba kwenda kusini kuelekea Rufiji. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatoka Dar hadi Morogoro, na vituo vyake vya njiani vya abiria ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Hatumo. Basi hata kwenye maandishi tumebaki mandhari ya dirishani.

Kumbe nyuma ya dirisha hilo kuna mambo ambayo yangeipindua riwaya yetu. Kwa desturi ya Waluguru, ukoo ni wa mama, na ardhi hufuata ukoo. Mwanamume anaweza kulima shamba la ukoo wa mkewe maisha yake yote na bado lisiwe lake. Mwenye kauli ni mjomba, na mrithi wa mjomba ni mtoto wa dada yake. Sasa mchukueni Rosa Mistika. Binti wa Ukerewe, anayekimbia mkono wa baba, anafika Morogoro kusomea ualimu. Hajui kwamba katika milima iliyo juu ya mji huo kuna binti wa rika lake ambaye baba yake ndiye anayelima kama mgeni! Simlaumu Kezilahabi, yeye aliandika ya kwao. Nawalaumu wanaotoka milima hiyo, mimi nikiwemo, kwa kukopa mwanamke wa riwaya za wengine wakati tunaye wetu, mwenye shamba na matatizo yake mengine kabisa.

Tena huyo mwanamke ana historia. Miaka ya 1950 wakoloni walikuja na mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, wakalazimisha watu kuchimba matuta milimani. Watu walichoka na kazi ile, wakaona pia udongo mbaya unafukuliwa na ule wenye rutuba unafunikwa. Mwaka 1955 zikazuka ghasia Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Siasa ya uhuru kwa watu wale ilianzia kwenye mteremko wa shamba, kwenye swali la nani aniamrishe namna ya kulima. Riwaya kubwa ya matuta iko wapi?

Sasa nije kwenye hatari, maana sitaki mniite mshabiki wa asili. Huyu mwana wa nchi ninayemsifu ana makali. Neno "kwetu" likinolewa sana linakuwa panga. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, mkoa wetu huuhuu, wakulima na wafugaji walipigana na watu zaidi ya 30 wakauawa. Kila upande ulikuwa na "kwetu" yake: mmoja ya jembe, mwingine ya malisho na maji. Ndiyo maana siwezi kukubali mswada unaoimba tu uzuri wa kijani. Kijani kina wenyewe, na wenyewe hawapatani.

Wala sheria haijamaliza ubishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, inatambua hati ya kimila, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Ni maneno mazuri. Ila mweke hapo kijana wa Mikese anayetaka kuuza ekari mbili za ukoo anunue bodaboda. Dada yake hataki, kwa kuwa ukoo utaendelea kwa watoto wake yeye. Mjomba ameshalainishwa kwa ahadi. Baba analia, lakini hana kauli. Mnunuzi ametoka Dar na anataka uwanja wa kando ya barabara, hajui kwamba maji ya bombani kwake yanatoka mto Ruvu, unaolishwa na mito ya milima anayoiona pale nyuma. Hakuna shetani hapo. Kila mmoja ana haki yake kamili, na mwandishi anayeweza kuwaacha wote wazungumze bila kumkata mmoja kauli atakuwa ametufundisha uraia kuliko kitabu cha somo hilo.

Na msiseme haya ni ya watu wa shamba, ninyi mmezaliwa Manzese. Mpangaji wa Manzese naye ana ardhi: chumba kimoja, kibaraza na mwarobaini wa jirani anaopumzika chini yake. Naye ana mtu anayeweza kumtoa.

Kwa hiyo nikisoma mswada siku hizi, sijali sana kama jogoo ameshawika. Natafuta kwa kila mhusika majibu matatu: analala kwa nani, anakula kilichoota wapi, na ni nani anayeweza kumwambia "ondoka hapa" naye akalazimika kuondoka. Mwandishi asiyeyajua hayo ajue kwamba mhusika wake bado hajazaliwa.