Mapenzi ya Asiyekufa na Mja wa Kufa: Upokezi wa Hadithi za Mashabiki wa Highlander

Katika kikao kimoja cha kujadili mapendekezo ya tasnifu, mwanafunzi alisimama kutetea uchunguzi wa hadithi zinazotungwa na mashabiki wa Highlander. Wanajopo walicheka, na mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwao. Swali lililostahili kuulizwa halikuulizwa: wasomaji wa hadithi hizo huthamini nini hasa? Makala haya yananuia kulijibu.

Hadithi ya shabiki ni utungo unaotumia wahusika na ulimwengu wa kazi ya mtu mwingine, ukaandikwa kwa ajili ya wapenzi wenza wa kazi hiyo, aghalabu bila malipo. Mnamo 1967 mashabiki wa Star Trek nchini Marekani walitoa jarida lao, Spockanalia. Mwaka 1992 Henry Jenkins, katika Textual Poachers, aliwatazama mashabiki kama wasomaji wanaojitwalia matini na kuisuka upya. Kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili hili si geni. Malenga wetu wamejibizana tangu zamani, na shairi la mmoja likawa chanzo cha shairi la mwingine.

Filamu ya Highlander (1986) inamhusu Connor MacLeod, Mskoti wa karne ya 16 asiyeweza kufa ila kwa kukatwa kichwa. Mwalimu wake, Ramirez, anamshauri amwache mkewe Heather, kwani yeye mwenyewe ameonja uchungu wa kumzika mke aliyempenda. Connor anakataa. Heather anazeeka na kufia mikononi mwa mume ambaye uso wake haujapata hata kunyanzi moja. Katika tamthilia ya televisheni iliyofuata (1992–1998), Tessa, mpenzi wa Duncan MacLeod, anauawa kwa risasi. Baadaye Methos, aliyeishi miaka elfu tano, anampenda Alexa, mhudumu wa baa anayeugua maradhi yasiyo na tiba. Wanaondoka kwenda kuitembea dunia. Mtazamaji haonyeshwi safari hiyo. Anapomwona Alexa tena, yu mahututi.

Hapa ndipo nadharia ya upokezi inapotufaa. Wolfgang Iser alisisitiza kuwa matini ina mapengo, na kwamba msomaji huyajaza katika tendo la kusoma. Mashabiki wa Highlander waliyajaza kwa kalamu: safari ya Methos na Alexa imetungiwa hadithi nyingi. Msomaji anazifungua akijua fika kwamba Alexa atakufa. Taharuki ya nini kitatokea haipo. Anachokithamini ni jinsi siku chache zinavyotumiwa, sawa na hadhira ya ngano inayoujua mwisho na bado ikamtaka fanani aanze upya.

Aidha, kuna kilio cha haki katika upokezi huu. Katika tamthilia, Alexa ni mhusika bapa. Kazi yake kuu ni kumtia simanzi mwanamume asiyekufa. Hadithi za mashabiki zilizo bora humpa hasira, ucheshi, uchovu na hata ubishi. Humfanya Methos kuwa shahidi wa maisha yasiyokuwa yake. Kwa Methos mwaka mmoja ni tone baharini, lakini kwa Alexa ndio bahari yenyewe. Msomaji, ambaye naye ni mja wa kufa, anajitambua katika nafsi iliyosahauliwa na matini ya awali.

Hata hivyo, si kila kinachosifiwa kinastahili sifa. Ziko hadithi zinazomfufua Tessa akiwa miongoni mwa wasiokufa, au zinazomponya Alexa. Zinamfariji msomaji, lakini zinaufuta mgogoro badala ya kuukabili. Wayunani wa kale waliiona hatari hiyo: Eos alimwombea mpenzi wake Tithonus uzima wa milele, akasahau kumwombea ujana. Isitoshe, kwa kuwa utungo wa shabiki hutolewa kama zawadi, wasomaji wengi huona haya kuutia ila. Shukrani ikizidi, hukumu hudhoofika. Mhakiki ana nafasi hapa, mradi aingie kwa heshima ya mgeni.

Kwa kuhitimisha, wasomaji hawa hawatafuti kutoroka kifo kama tunavyodhani. Wanathamini masimulizi yanayokipa kifo uzito na kumpa anayekufa sauti, jambo ambalo Fasihi imelishughulikia tangu jadi. Mwanafunzi yule alibadilisha mada, akaandika juu ya riwaya ambayo idara imekwisha kuihakiki mara nyingi. Tasnifu yake ilipita bila pingamizi. Hasara ilikuwa yetu.