Obokano Isiyovuma Ni Samani

Siku ya kufunga mafunzo ya likizo ya Agosti huko Magwagwa, Nyamira, mgeni rasmi alishika maiki akawasifu vijana wapiga obokano, kinubi kikubwa cha sisi Wakisii, kwa maneno ambayo bado yananiwasha: "Muziki safi, hauna kelele hata kidogo, utadhani ni gitaa!" Umati ukashangilia. Kijana aliyesifiwa akainamisha kichwa kwa adabu, mwalimu wake akatabasamu hadi magego yakaonekana, na mtu wa mitambo akajiona bingwa nyuma ya mashine yake. Alikuwa na haki ya kujiona, kwani ndiye aliyeimaliza obokano ile kwa vidole viwili.

Mgeni rasmi simlaumu. Mtu aliyezindua choo cha shule saa nne na kuchanga kanisani saa sita hana masikio yaliyobaki saa nane. Wa kulaumiwa ni sisi tuliokuwa kwenye viti vya plastiki, tunaojua, tukapiga makofi kwa sababu watoto ni wetu. Basi haya nawaandikia mzazi anayetaka kujua kama ada yake imefanya kazi, mwalimu anayetumwa kuhukumu asichokijua, na yeyote atakayealikwa mwakani.

Mavazi yapite bila kuyatazama. Kikundi kilichonunua manyoya na ngozi za chui za kiwandani huwa hakibakiwi na pesa ya ngozi ya ng'ombe, na ya ng'ombe ndiyo inayolia. Obokano iliyopakwa vanishi ikatae hapo hapo. Sioni haja ya kueleza. Iliyochorwa bendera ipelekwe hotelini, itundikwe juu ya kaunta. Bakuli liwe limechongwa kwa gogo moja. Ngozi iwe ya ng'ombe aliyezeeka, maana ya ndama husema mapema na kunyamaza mapema. Kama kijana anaibeba kwa mkono mmoja bila kupinda kiuno, ni ndogo. Wageni waliozoea okestra waliiita besi kubwa ya Afrika Mashariki, na kwa hilo tu nawapa alama zote.

Nyuzi ni nane. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Leo ni nailoni ile ile wanayovulia samaki Ziwa Victoria. Kano ilikuwa na ukali wake, nailoni inateleza. Vita hivyo vilikwisha kabla vijana hawa hawajazaliwa, nami sivirudii.

Sasa tuje kwenye kile kilichoitwa kelele.

Uzi mzito wa obokano ukivutwa na kuachiwa hutoa mambo matatu, moja likifuata jingine. Kwanza pigo la ngozi, zito, ambalo kifua hulipata kabla ya sikio. Halafu, kabla hujapepesa jicho, mvumo unaingia: mkwaruzo mkavu, mkali kidogo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Mvumo ukichoka, unabaki uzi mtupu, ukizama polepole chini ya sauti ya mwimbaji. Mpigaji asiyefundishwa hukupa la kwanza na la tatu. La katikati halipo, na wala hajui kuwa halipo, kwa sababu hakuna aliyemwambia alisubiri.

La katikati ndilo obokano yenyewe. Ukitoa mvumo, kilichobaki ni samani yenye nyuzi.

Mvumo hauji kwa bahati. Uzi unapopita darajani lazima uwe karibu sana na mahali pa pili pa kuugusa, karibu kwa unene wa karatasi ya Biblia. Ukikosa kabisa, hauvumi. Ukiegemea, unakufa. Unatakiwa ugonge na kuachia, ugonge na kuachia, mara nyingi sana kabla hujavuta pumzi. Na kila uzi una umbali wake, kwani ule mnene hutikisika kwa upana kuliko ule mwembamba. Kwa hiyo mpigaji ana kazi mbili za kulinganisha: sauti ya kila uzi, na mvumo wa kila uzi. Ya kwanza hufundishwa kila mahali. Ya pili, katika mafunzo mengi ya siku hizi, haitajwi hata siku ya mwisho.

Kuna wanaosema mvumo ni pambo la wazee. Hapana, una kazi. Sauti nzito sana hupotea penye watu wengi, penye vigelegele na miguu inayokanyaga udongo. Mkwaruzo wa juu hupenya, na sikio likishaupata hujijengea lenyewe ile besi ya chini, hata kama haikufika. Jaribu na simu. Spika ya simu haiwezi kutoa uzi wa chini wa obokano, ni ndogo mno. Lakini rekodi yenye mvumo utaisikia besi yake kwenye simu ya bei yoyote, na rekodi "safi" utasikia mtu akigonga mlango. Kijana anayejirekodi ili asikike hadi Nairobi anaukimbia mvumo, nao ndio pekee ungemfikisha.

Najua tatizo lilikotoka. Mtu wa mitambo aliyeufuta mvumo siku ile amefunzwa kwa vyombo vya Ulaya, na huko mkwaruzo ni ugonjwa. Wapiga chelo wana noti moja inayotetemeka na kukoroma, wanaiita mbwa mwitu, na mafundi hufunga kijibomba cha shaba kwenye uzi nyuma ya daraja ili kumnyamazisha. Sina ugomvi na chelo. Watoto wa Korogocho wanaojifunza vyombo vya okestra kwa mradi wa Ghetto Classics tangu 2008 wafundishwe kumfukuza mbwa mwitu wao, ni haki yao. Lakini dunia si Ulaya tu. Mpiga tanpura wa India huingiza uzi mwembamba wa pamba darajani, chini ya nyuzi, akiusogeza kidogo kidogo mpaka mvumo ufunguke. Mpiga mbira wa Zimbabwe hufunga vifuniko vya soda kwenye ubao wake kwa makusudi. Majirani zetu Waluo, ng'ambo tu ya vilima, kinubi chao, nyatiti, kisipovuma humrudia aliyekitengeneza. Watu wote hao hawawezi kuwa viziwi kwa pamoja.

Nilimfahamu mzee mmoja upande wa Ekerenyo, marehemu sasa, ambaye hakuanza wimbo mpaka amesikiliza kila uzi peke yake, sikio likikaribia mti wa juu, huku wenye sherehe wakikohoa kwa kukosa subira. Alipokuwa na mwanafunzi alimweka nyuma ya nyumba, ukuta ukiwa katikati, akavuta uzi mmoja mmoja na kuuliza kwa sauti upi umelala.

"Tata, ni wa tatu."

"Una nini?"

"Hauvumi."

"Hauvumi, au unavuma kabla ya wakati?"

Kijana kimya. Mzee akavuta tena, na tena, mpaka jibu likatoka nyuma ya ukuta. Hapakuwa na cheti. Mwanafunzi aliyefikia kujibu bila kuulizwa mara ya pili alipewa ruhusa ya kubeba obokano ya mzee hadi kwenye sherehe, kubeba tu, na vijana wa rika lake walimwonea wivu.

Wadanganyifu nao wapo, na wana akili. Njia ya kawaida ni kubandika kipande cha nailoni ya mfuko wa mkate, au wembe, chini ya nyuzi zote. Inavuma, ndiyo, na mnunuzi kutoka mjini hufurahi. Kulikuwa na jamaa aliyewauzia watalii obokano za namna hiyo pamoja na vinyago vya mawe vya Tabaka, na bei aliipanga kwa kutazama viatu vya mteja. Kumnasa ni rahisi. Mwombe apige polepole kabisa, kidole kikigusa tu. Mvumo wa kweli hupungua na mkono, ukaja kidogo au usije. Wa wembe unabaki ule ule, mkono uwe mzito au mwepesi. Halafu sikiliza mwisho wake. Wa kweli hukoma kabla ya uzi kukoma. Wa uongo hukwaruza hadi mwisho, na nyuzi zote nane hukwaruza kwa lugha moja.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kupima mafunzo asije saa nane wakati wa hotuba. Aje asubuhi, amtazame kijana kabla ya wimbo wa kwanza. Nyamira ni nchi ya mvua karibu mwaka mzima, na Agosti hakuna alasiri ya kuaminika. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea, daraja linashuka nayo, na ule unene wa karatasi niliousema unapotea. Kijana aliyefundishwa, akiona wingu limekaa juu ya majani chai, huanika obokano yake juani mapema au huisogeza karibu na moto jikoni, huigeuzageuza, kisha hulinganisha nyuzi upya, sauti kwanza na mvumo baadaye. Asiyefundishwa hukaza tu, anakaza mpaka uzi unakatika, halafu analaumu nailoni. Mafunzo mazuri utayajua kwa pua: vyombo vyake vinanuka moshi. Pale obokano zinapofungiwa stoo na kutolewa saa ya mazoezi tu, ufunguo ukiwa mfukoni mwa karani, hakuna kinachofundishwa hapo, hata kama mwalimu ana digrii.

Kuhusu uimbaji nitasema machache. Sauti iingie mvumo unapochoka, si juu yake. Kichwa kisitikiswe. Kigoda kiwe kifupi. Anayepiga amesimama, obokano ikining'inia kwa mkanda wa begi, simsikilizi, na sitaki kuelezwa ni ubunifu.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, nami siwezi kusema limetudhuru tu. Bila darasa lake la ala za asili, shule nyingi zisingegusa obokano. Lakini walimu wengi hutumia likizo kukata nyimbo zitoshe dakika za jukwaani, na kinachokatwa kwanza ni pale mpigaji anapokaa kimya na kuuacha uzi useme. Mpiga obokano wa zamani alikuwa na usiku mzima. Angekueleza habari za nabii Moraa na shujaa Otenyo, jinsi Otenyo alivyomchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, mwaka 1908, akaacha kisa, akamsifu mwenye nyumba, akaomba kinywaji, akarudi kwenye kisa. Northcote mwenyewe alipona, akaja kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937, na kijana anayejua hilo anaweza kuimba ubeti mwingine ambao mwalimu wake hakuupanga. Kwa dakika za tamasha Otenyo hafiki hata mahali pa kurusha mkuki.

Ukitaka kusikia tulichokuwa nacho, tafuta rekodi alizochukua Hugh Tracey kwa majirani zetu Wakipsigis mwaka 1950, huko Kapkatet. Wasichana wanaimba Chemirocha na kinubi kipo chini yao, na hakuna aliyekaa kwenye mashine kukitakasa. Tangu mpiga nyatiti Ayub Ogada atoe En Mana Kuoyo mwaka 1993, albamu nzuri ambayo siigusi, kila mwenye studio anadhani kinubi cha Kiafrika ni kitu cha kulaza watoto. Obokano haikutengenezwa kumlaza mtu. Grandmaster Masese ameipandisha kwenye majukwaa ya mashairi, na namwelewa kijana anayetaka kuwa yeye. Ila aanze kwa kukaa chini na kusikiliza uzi mmoja kutwa nzima.

Kuna jambo la siku ile ya Magwagwa ambalo hotuba hazikuligusa. Pembeni kabisa, nyuma ya wavulana, walimweka msichana mmoja. Wazee wangu wangenuna, maana obokano ilikuwa ya wanaume kama nyatiti ilivyokuwa kabla Anyango hajaja kutoka Japani kujifunza na kuwaumbua waliosema haiwezekani. Huyu hakupewa maiki, zilikuwa zimekwisha. Hivyo mtu wa mitambo hakumfikia. Nilihama kiti nikasimama karibu naye, na nyuzi zake nane zilikuwa macho zote, isipokuwa wa sita, uliovuma mapema kidogo. Mwishoni nilimwambia kuhusu wa sita. Akasema anajua, tatizo ni nailoni, imejipinda. Akauliza kama bado kuna watu wanaosokota kano.

Nikamwelekeza kwa mchinjaji wa sokoni. Awahi alfajiri kabla kano hazijatupiwa mbwa, achague za mgongo zilizo ndefu, azianike kivulini wala si juani, azipasue nyembamba, na azisokote zikiwa bado na unyevu. Na asilipe bei ya kwanza atakayotajiwa.