Taban Amfasiri Hasimu Wake

Aliyekulia Kinyamaseke hahitaji kuambiwa kwamba tafsiri hula maneno. Sokoni Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, mtu akipiga utani kwa Kikonzo, Mnande wa kutoka Kasindi, ambaye lugha yake inakaribiana nacho, hucheka papo hapo. Wengine husubiri waelezwe kwa Kiswahili, na kicheko kikiwafikia kimeshapoa. Ndiyo maana ugomvi wa waandishi Okot p'Bitek na Taban lo Liyong hunivutia kama ufundi kuliko kama udaku.

Okot, mzaliwa wa Gulu, alikwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya mpira ya Uganda, akabaki huko kusoma. Tayari alikuwa na utenzi wake wa Kiacholi kuhusu Lawino, mke anayemlalamikia mumewe Ocol, tena wa vina, ila wachapishaji hawakuutaka. Mwaka 1966 East African Publishing House ya Nairobi ikatoa *Song of Lawino*, tafsiri ya Okot mwenyewe. Chapa ya Kiacholi ilingoja hadi 1969. Tazama alivyofanya kwenye Kiingereza. Vina alivitupa. Mistari akaikata mifupi, kama pumzi za mke anayelalamika huku kazi zikimsubiri. Methali akaziacha zisimame neno kwa neno: ile inayokataza kung'oa boga lililoota kwenye mahame haifafanuliwi, inarudiwa tu mpaka msomaji aing'amue mwenyewe. Sisi wa Kiswahili tuliletewa *Wimbo wa Lawino* na Paul Sozigwa mwaka 1975.

Taban alizaliwa kusini mwa Sudan akakulia upande wa Gulu, kwa hiyo Kiacholi si lugha aliyoazima. Kitabu cha Okot kilipotoka alikuwa Marekani akisomea uandishi. Mwaka 1969, ndani ya *The Last Word*, alichapisha insha iliyomwita Lawino mtu asiyesoma, tena kwa neno la Kiingereza alilolikata katikati kwa kejeli. Na wawili hao wakaja kufanya kazi chuo kikuu kimoja, Nairobi!

Halafu mwaka 2001 Fountain Publishers ya Kampala ikatoa *The Defence of Lawino*. Mfasiri: Taban. Hakukarabati Kiingereza cha Okot. Alirudi kwenye Kiacholi cha 1969 akaanza upya, akidai kwamba utenzi ule ni mzito, na kwamba Okot alipoufasiri aliufanya mwepesi. Ufundi wake mkubwa nauona kwenye jina. Neno la Kiacholi ni *wer*, wimbo. Taban akaweka utetezi, na kwa neno hilo moja msomaji ameondolewa ngomani akakalishwa barazani na wazee, asikilize shauri la mke aliyetukanwa. Si kosa. Lawino kweli huwaita watu wa ukoo wamsikie, na anamjibu Ocol shtaka kwa shtaka.

Hasara ipo pia. Anapotaka kila punje ya maana ifike, Taban hurefusha, na ile pumzi fupi inapotea. Nikisoma kwa sauti, nachukua cha Okot. Nikitaka kujua Lawino alisema nini hasa, nafungua cha Taban.

Linganisha na mwandishi Mmarekani Hemingway: aliandika kuhusu rafiki yake Fitzgerald, mwandishi mwenzake aliyekwisha kufa, kumbukumbu za kumwaibisha, zikachapishwa mwaka 1964 naye mwenyewe akiwa kaburini. Okot alifariki mwaka 1982, asingeweza kumjibu Taban kwa lolote. Taban angeweza kumwandikia kitabu cha kumsuta. Alichagua kazi ambayo jina la mwandishi linabaki la Okot, lake likafuata kama mfasiri.