Kitabu "Verified" na mafratri wetu

Kitabu hiki cha Mike Caulfield na Sam Wineburg, kilichotolewa Chicago mwaka 2023, chastahili kusomwa na kila mwalimu wa seminari, ijapokuwa ni cha Kiingereza nasi masomo yetu ni ya Kifaransa. Neno lao kubwa ni hili: usikae juu ya ukurasa wa intaneti ukiuchungua ndani yake tu, toka upesi, kaulize kwingine mwenye kuuandika ni nani.

Neno hilo limepimwa. Wineburg na Sarah McGrew waliwatazama watu 45 wakihukumu kurasa: wanahistoria 10, wanafunzi 25 wa Stanford, na wahakiki wa habari 10. Walionyeshwa vyama viwili vya waganga wa watoto huko Marekani: kimoja cha mwaka 1930, chenye waganga makumi ya maelfu, kingine kidogo, kilichojitenga mwaka 2002. Wanafunzi wengi, hata baadhi ya wanahistoria, walitazama uzuri wa ukurasa na majina ya kielimu, wakakosea. Wahakiki waliuacha mara moja, wakajua. Hapo tulicheka, kisha tukanyamaza. Sisi wenyewe twamwagiza fratri asome polepole, akae na andiko. Adabu hiyo yafaa kwa Mtakatifu Augustino. Kwa mtu asiyejulikana ni mtego.

Lakini tuna shaka moja. Waandishi wadhani msomaji anao ukurasa mbele yake, na feza za kufungua kurasa nyingine kumi. Kwetu habari yaja kwa WhatsApp, sauti ya mtu, kwa Kiswahili, imepita simu kwa simu. Ebola ilipokuwa Beni na Butembo, toka 2018 hata 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na wengi walikuwa wameambiwa kwamba ugonjwa ule ni biashara tu. Mwenye kuwapelekea maneno hayo alikuwa shemeji, jirani, pengine mwimbaji mwenzao wa kwaya. Ukurasa waweza kuuacha. Shemeji utamwacha namna gani? Hatukuona jibu la kututosha.

Twaona kazi ya mwalimu yaanzia hapo: fratri azoezwe kuuliza kwa heshima, "Nawe, shemeji, ulisikia kwa nani?", na kufuata mpaka kwa msemaji wa kwanza, kama Mtakatifu Luka alivyofuata mambo toka mwanzo. Mazoezi hayo hayadai megabaiti.

Hata hivyo kitabu kinunuliwe. Sura ya Wikipedia isomwe kwanza, kwani wengi wetu bado twaikataza bila kuipima.