Vua na Vua: Kitenzi Kimoja au Viwili?

Ni rahisi kuwaeleza wanafunzi kwamba kitenzi vua, chenye maana ya kuondoa vazi mwilini, ndicho hicho hicho kitumikacho kwa samaki. Ati mvuvi huivua bahari kilichomo. Maelezo haya yanapendeza, lakini hayana msingi, na hoja ya kuyakanusha imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Tuanze na vazi. Vua ni kinyume cha vaa, kama fungua ilivyo kinyume cha funga. Kichewa husema vala na vula. Kibemba, fwala na fuula. Kiswahili kimeidondosha l baina ya irabu, kama kilivyofanya katika mvua, ambayo Kichewa huiita mvula. Hata hivyo konsonanti hiyo haikupotea kabisa: hurejea katika valia na vulia, na mbele ya i ya kuundia majina hugeuka z. Ndiyo maana vaa huzaa vazi, kama lea izaavyo mlezi.

Sasa tutazame samaki. Lau kitenzi kingekuwa kile kile, tungetazamia jina lenye z. Tulilo nalo ni mvuvi. V hiyo ya pili ni alama ya b ya kale, ambayo Kiganda kingali nayo katika kuvuba na omuvubi. Yamkini mtu atapinga kwamba husemwa pia samaki wamevuliwa, kwa l. Ni kweli, lakini b ilipokwisha kudondoka, vitenzi viwili vililingana kwa sauti, na mnyambuliko wa kimoja ukafuata wa kingine. Jina likabaki kuwa shahidi.

Jambo hili lina uzito, kwani mwenye kuyaunganisha maneno haya huikosa maana. Wahenga walinena: avuliwaye nguo huchutama. Fedheha hiyo hutoka katika vazi, si katika wavu. Tusemapo mtu kavuliwa madaraka, hatusemi kapokonywa tu, maana hata mkoba hupokonywa. Twasema kwamba cheo kilikuwa vazi: kilimsitiri, kikampa heshima, nacho chaweza kuondoka yeye akabaki.

Kwa hiyo kamusi na itenge vidahizo viwili, na mwalimu aanze somo lake kwa mavazi na wavuvi, majina ambayo kila mwanafunzi anayajua.