Picha za Pilipili Mbele ya Watoto wa Kasugho

Katika shule nyingi utaona ukutani picha ya namna moja: mtu ameshika shoka, mti umeanguka, na chini yake maneno makubwa, "Usikate miti." Nami nimefundisha kwa picha ya namna hiyo hapa Kasugho. Siku moja mtoto akasema, "Mwalimu, yule ni baba." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Baba yake hulima maharagwe kando ya msitu, na daftari la mtoto lilinunuliwa kwa maharagwe hayo. Tangu siku ile naiona picha hiyo kuwa mbaya. Haisemi uwongo, lakini inamhukumu mtu kabla hajaulizwa habari yake.

Baadaye nilipata katika kitabu picha za Pilipili Mulongoy. Huyu alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Bwana Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyefungua chuo cha uchoraji mwaka 1946 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Pilipili alichora ndege, nyoka, samaki na majani. Ndege anakamata samaki; nyoka anavizia kiota. Hakuna neno hata moja. Niliwaonyesha watoto, nikanyamaza. Wakaanza wenyewe kuulizana: nani anamla nani? Nyoka akikosa mayai atakula nini? Majani yakikauka, nani atakufa kwanza? Somo likaenda bila mahubiri yangu.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Katika picha zake nilizoziona hamna mtu, wala jembe, wala moshi. Msitu wetu wa Tayna, uliotambuliwa na serikali kuwa hifadhi mwaka 2006, una watu kandokando yake. Na gorila wanaolelewa katika kituo cha GRACE hapa kwetu wamekuwa yatima kwa mikono ya watu. Tena picha huonyesha siku moja tu, na hali ya hewa ni jambo la miaka mingi. Mti hunywa maji kwa mizizi, huyatoa kwa majani yakawa mvuke, na mvuke ukawa mawingu. Mvuke huo nani atauchora?

Kwa hiyo nimewaagiza watoto wachore kilima kimoja mara mbili: kama babu alivyokiona, na kama kilivyo leo. Yawapasa kumwuliza babu kwanza. Yule mtoto amemchora baba yake tena, amekaa kivulini, shoka liko chini. Ameniomba rangi ya kijani zaidi, nami sina.